Tazama Kisima Kabla ya Bahari

Kuna imani iliyokita mizizi miongoni mwa watu wanaojiandaa kuhamia pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara: kwamba kadiri kiwanja kinavyokaribia bahari ndivyo maisha yatakavyokuwa mema. Mstaafu wa Nairobi anayepanga matumizi ya kiinua mgongo chake, mfanyakazi wa Muscat au London anayetuma fedha nyumbani kidogo kidogo, mfanyabiashara wa Arusha aliyechoshwa na baridi, wote humuuliza dalali swali lile lile: ni hatua ngapi hadi ufukweni? Dalali naye hana haja ya kuwasahihisha, kwa kuwa kila hatua inayopungua inampandishia bei. Nasema imani hii ni potofu, na imewagharimu wengi akiba ya miaka yao ya kazi. Anayehamia pwani hana budi kuuliza kwanza maji ya kunywa yanatoka wapi, yanatosha watu wangapi, na yalikuwa na ladha gani mwishoni mwa kiangazi kilichopita. Akishapata jibu la hayo, bahari ataifikia kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda. Asipolipata, ataamka kila siku akitazama maji yasiyo na mwisho na asiweze kuchemshia chai.

Wenyeji wa pwani hii walilijua jambo hilo kabla hajazaliwa dalali wa kwanza. Miji mingi ya kale ya Waswahili ilikaa kandokando ya hori au ikajificha nyuma ya visiwa, mahali penye bandari tulivu na visima vya kutegemewa. Gedi, mji ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948 na ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2024, ulijengwa kilomita kadhaa kutoka bahari kuu, ukiwa na visima vyake na misikiti yenye mabirika. Haukuwa mji wa watu wasioijua bahari, maana ndani ya magofu yake kumeokotwa vyombo vya kaure kutoka Uchina. Watu hao walitajirika kwa biashara ya bahari, lakini nyumba zao waliziweka penye maji matamu. Hata kushuka kwa maji ya visima kunatajwa na wataalamu miongoni mwa sababu za mji huo kuhamwa. Unguja nako, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kujenga majumba yanayoitazama bahari, alilazimika kuvuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu ili mji uishi. Na Mombasa ya leo, kisiwa kilichozungukwa na maji pande zote, inanywa maji ya mbali: ya chemchemi za Mzima huko Tsavo, yanayosafiri kwenye bomba la zaidi ya kilomita 200 lililolazwa miaka ya 1950, na ya visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Mji wenye jina kubwa kuliko yote katika pwani ya Kenya hauna mto wake wa kunywa.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu iko chini ya miguu yetu. Sehemu kubwa ya ukanda wa pwani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na mwamba huo una matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha, maji hupenya upesi na kutuama ardhini, yakielea juu ya maji ya bahari yaliyoingia kutoka upande wa pili, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Kanuni inayojulikana na wataalamu wa maji ya ardhini inasema kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Habari hiyo ni njema kwa anayechota kwa ndoo. Kwa mwenye pampu ina upande wa pili: ukiyashusha maji ya juu kwa mita 1, chumvi ya chini inaelekea kupanda kwa mita 40. Na kadiri unavyosogea baharini ndivyo tabaka hilo la maji matamu linavyozidi kuwa jembamba, hata likaisha kabisa penye mchanga. Kwa hiyo kiwanja ambacho dalali anakisifu kuliko vyote, kile cha mstari wa kwanza, ndicho chenye maji machache kuliko vyote. Bei na maji vinakwenda kinyume, na mnunuzi analipa zaidi apate pungufu.

Matundu hayo hayo ya mwamba yanapitisha vitu vingine pia. Choo cha shimo au karo la maji taka lililochimbwa jirani na kisima halizuiliwi na udongo mzito wa kuchuja kama ule wa bara. Uchafu hupita kwenye nyufa ukafika kwenye maji bila kizuizi. Viwanja vinavyokatwa vidogo vidogo ili kila mtu apate kipande cha upepo wa bahari vinalazimisha karo la huyu kukaribiana na kisima cha yule. Maji yakiadimika, watu huyahifadhi kwenye madumu, mapipa na matangi, na mengi hayana mifuniko. Lamu ilionyesha mwaka 2004 jinsi ukosefu wa maji unavyozaa homa. Homa ya chikungunya ililipuka kisiwani wakati wa ukame, na watafiti walioichunguza waliuhusisha mlipuko huo na maji ya kuhifadhi majumbani, ambamo mbu aina ya Aedes walizaliana. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Mtu aliyezoea kudhani kwamba homa za pwani huja na mvua na asome upya tukio hilo.

Jambo lingine ambalo mnunuzi haambiwi ni kwamba maji ya chini ya kiwanja chake si yake peke yake. Ukuta unaishia mpakani, lakini pampu haiujui mpaka. Katika utafiti kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja uliochapishwa mwaka 2001, Stefan Gössling alikadiria kwamba mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, na mkazi wa hapo lita 48. Mhamiaji mwenye bwawa la kuogelea na bustani ya majani mabichi anakaribia zaidi matumizi ya mtalii kuliko ya jirani yake. Kisima cha bibi aliyemtangulia kikianza kutoa chumvi, ugomvi utakaofuata hautatulizwa na mlinzi wa getini. Vivyo hivyo Lamu: machuguu ya mchanga ya Shela, ambayo mgeni huyaona kama mandhari ya kujengea nyumba ya ghorofa, ndiyo yanayohifadhi maji ya ardhini ambayo mji wa Lamu umeyategemea kwa vizazi. Anayejenga juu yake anajenga juu ya mtungi wa wengine.

Nitaambiwa: hoteli zimejaa ufukweni na zinaishi, mbona mtu binafsi asiweze? Hoteli inaishi kwa sababu mgeni wake analipia kila kitu: boza la maji, mtambo wa kuondoa chumvi, dizeli ya jenereta, fundi wa kubadilisha mabomba yaliyoliwa na kutu. Gharama hizo zimo ndani ya bei ya chumba. Mstaafu hana wa kumlipia. Pensheni yake haipandi kila mtambo unapoharibika, na mtambo wa kusafisha chumvi hauendeshwi na dua. Unataka umeme mwingi, vichujio vya kubadilishwa, na mahali pa kumwaga maji machungu yanayobaki. Mwenye boza naye huja pale tu barabara inapopitika na chanzo chake kinapokuwa na maji. Siku mji mzima unapokuwa kwenye mgao, kama Dar es Salaam mwishoni mwa 2022 pale Mto Ruvu ulipopungua, ndiyo siku boza linapoadimika na bei yake inapopaa. Anayetegemea boza amenunua nyumba, kisha anaendelea kununua maisha ndani yake kila wiki.

Wengine watatetea ufukwe kwa hoja ya thamani: ardhi ya baharini haishuki bei, kwa hiyo hata pasipo maji ni akiba. Hoja hii inafaa kwa anayetaka kuuza, lakini hapa tunamzungumzia anayetaka kuishi. Tena hata kama akiba, ina matundu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa bahari, na Katiba ya Kenya ya 2010 inaihesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Bahari nayo ina sheria yake. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, mmomonyoko umekuwa ukila ufukwe kwa miongo mingi. Kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani, ambacho zamani kilikuwa na miti, kimebaki fungu la mchanga linalozama maji yanapojaa. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hukaribia mita 4. Mnunuzi aliyeonyeshwa kiwanja wakati wa maji mafu hajakiona kiwanja. Na bahari inapokula ardhi kwa juu, chumvi yake inasogea bara kwa chini, ikikifuata kisima.

Hoja yenye uzito kuliko zote ni ya mvua, nami naikubali kwa moyo mkunjufu. Maeneo mengi ya pwani hupata mvua inayokaribia au kuzidi milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita 100 za mraba linaweza kupokea lita 100,000 katika mwaka wa namna hiyo, na hata ukitoa yanayopotea, hayo ni maji ya familia ndogo yenye nidhamu. Wabajuni wa visiwa vya Lamu wamechimba na kujenga majabia ya kukinga mvua kwa sababu hiyo hiyo. Lakini angalieni hoja hii inatufikisha wapi. Inamtaka mhamiaji atenge fedha za birika kubwa lenye mfuniko kabla ya kutenga za baraza la kutazamia machweo, aezeke kwa paa linalokinga maji safi badala ya makuti ya kupendeza macho, na ahesabu matumizi yake tangu kaskazi inapoanza kukausha nchi hadi masika yatakapofika. Kwa maneno mengine, inamtaka ayatangulize maji. Hiyo si pingamizi dhidi yangu. Ni shauri langu lenyewe.

Basi achague vipi? Aanze na ramani ya maji. Tanga, kwa mfano, haina sifa za ufukwe kama Diani au Nungwi, lakini bomba lake linatoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, unaoteremka kutoka misitu ya Usambara Mashariki. Mtu mwenye busara atauweka mji huo juu katika orodha yake. Asitafute kiwanja Desemba, wakati wa likizo, kwa kuwa vuli imetoka kupita, visima vimejaa na kila mahali ni kijani. Aje Machi, mwisho wa kaskazi, aonje maji ya kisima cha jirani siku ya bamvua. Aulize kisima kilichimbwa na nani, maana swali hilo moja litamfikisha kwa wazee, na kwa wazee atajua mengi yasiyoandikwa kwenye hati: makaburi ni ya ukoo gani, njia ya wavuvi kwenda dikoni inapita wapi, na kama minazi ina mwenyewe mbali na mwenye ardhi, jambo la kawaida katika mila za pwani. Penye kisima cha zamani pana watu wa zamani. Anayeufuata mchanga mtupu hukutana nao baadaye, mahakamani.

Katika kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu, kuna magofu ya Takwa, mji uliohamwa karibu na mwisho wa karne ya 17. Una msikiti, ukuta na ufuo wa bahari kuu ambao dalali yeyote wa leo angeutangaza kwa herufi kubwa. Inasimuliwa kwamba visima vyake viliingia chumvi, na wakazi wakavuka mkono wa bahari kwenda Shela, penye machuguu yenye maji matamu. Hadi zama zetu watu wa Shela wamekuwa wakirudi Takwa kusoma dua kwenye kaburi la nguzo, nao wanaporudi huko huomba mvua.