Wembe wa babu: kabla hujaung'arisha, angalia makali

Wadau, kuna staa mmoja wa hapa mjini (jina kapuni, wanaomfuatilia watamjua) katupia picha mbili mtandaoni. Ya kwanza ni wembe wa kukunja wa kizamani, mweusi, una kutu, anasema kaukuta kwenye sanduku la marehemu babu yake. Ya pili ni wembe huohuo baada ya kupita kwa fundi: unang'aa kama kioo cha saluni, kishikio kipya chekundu. Mashabiki wamemwagia makopakopa mpaka basi. Mimi nilipoikuza ile picha ya pili roho iliniuma. Karibu na ncha, palepale kwenye makali, chuma kimegeuka bluu.

Kwa asiyejua, bluu ile si urembo. Wembe wa zamani ni chuma cha kaboni kilichopashwa moto mkali, kikapozwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kidogo, kama nyuzijoto 200 hivi, ili kisivunjike kama biskuti. Ukikipeleka kwenye grinda ya umeme, ule wembamba wa makali unapata moto kwa sekunde chache tu. Kikikaribia nyuzijoto 300 kinakuwa bluu, na ugumu umeshaondoka. Utanoa, utakata, ila baada ya kunyoa mara mbili makali yamelala. Hapo hakuna dawa ya kung'arishia itakayokusaidia. Kutu ya miaka hamsini ilishindwa kuua ule wembe, mchana mmoja wa grinda umeweza.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonuna: thamani ya wembe wa zamani, kama unataka kunyolea, iko kwenye milimita moja ya mwisho ya makali. Mengine yote yanarekebishika au yanavumilika. Watu wengi wanafanya kinyume. Wanaona kishikio kimevunjika wanautupa, wanaona kishikio kizuri wanatoa mkwanja.

Sasa unaangaliaje? Futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta, ushike mgongo wa wembe, upeleke makali kwenye mwanga wa dirisha. Unatafuta ufa. Ufa huanzia kwenye makali na kupanda kuelekea mgongoni, mara nyingi mwembamba kama unywele. Paka mafuta, futa kabisa, subiri kidogo: kama kuna ufa, mafuta yanachungulia tena palepale. Kamera ya simu ikikuzwa inatosha. Ukiuona, bwana, acha. Ufa hauchomelewi, na kipande kinaweza kubanduka wembe ukiwa shingoni kwako.

Baada ya ufa tafuta vishimo vya kutu. Hapa wengi wanaogopa bure. Vishimo katikati ya bapa havina shida yoyote, ni kama makovu ya tetekuwanga. Vishimo kwenye makali ndiyo kasheshe, maana kila ukinoa unafungua kingine, na makali yanabaki kama msumeno mdogo usioonekana kwa macho ila ngozi inauona vizuri sana.

Halafu kuna mapengo, na hapa kuna hesabu ambayo mafundi wengi wa mtaani hawaifanyi. Wembe wa kukunja ukinolewa unalazwa bapa juu ya jiwe, mgongo na makali vyote vinagusa. Kwa hiyo mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Chukua wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wa milimita 4: pembe yake ni kama nyuzi 14, safi kabisa. Sasa una pengo kubwa, fundi anakata makali yote mpaka upana unabaki milimita 11, mgongo kauacha vilevile. Pembe imepanda mpaka karibu nyuzi 21. Huo tena haunyoi, unavuta ndevu. Pengo dogo la nusu milimita, sawa, jiwe litalimaliza. Pengo la kuingiza punje ya mchele, mwambie babu asante, uutunze kabatini.

Angalia na mgongo wenyewe. Kama upande mmoja umelika sana kuliko mwingine, au makali yamebonyea katikati kama mtu aliyenuna, ujue kuna mtu aliunoa vibaya miaka na miaka. Unarekebishika, ila ni kazi ya mtu mwenye subira.

Maandishi nayo tusiyapuuze. Kwenye shina, kati ya bapa na kile kijipini cha kukunjia, soma kwa lenzi. Ukikuta Sheffield ya Uingereza, Solingen ya Ujerumani, Eskilstuna ya Sweden au Thiers ya Ufaransa, una sababu ya kuhangaika, miji hiyo iliishi kwa kutengeneza vyembe na visu. Wembe ulioandikwa jina la nchi, kama Germany au England, kwa kawaida ni wa baada ya 1891, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa zionyeshe zinakotoka. Ila jina kubwa haliondoi ufa. Na usisugue shina kwa msasa mpaka maandishi yafutike, jamani! Weusi wa zamani kwenye chuma uache, hauli kitu. Inayokula ni kutu nyekundu, na hiyo itoe kwa mkono, na mafuta na sufi ya chuma ile laini kabisa, taratibu.

Kishikio kilichopasuka kisikusumbue. Cha pembe ya ng'ombe, cha mfupa, cha mbao, fundi mzuri anakibadilisha. Kuna kimoja tu cha kukufanya utulie: pembe ya ndovu. Karne ya 19 pembe nyingi za bara zilipitia Zanzibar kwenda Ulaya na kwingineko, na mafundi wa Sheffield walizitumia kwa vishikio vya visu na vyembe, kwa hiyo inawezekana kabisa kitu kimerudi kwao kwa njia ya sanduku la babu. Mfupa una vidoa vidogo vyeusi, pembe ya ndovu haina, ina mistari laini. Ukishuku hivyo, usiuposti na usiutafutie mteja. Hapa Tanzania kumiliki nyara za serikali bila kibali ni kosa, kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na hakimu hatajali kwamba ulikuwa wa babu. Nenda ofisi ya wanyamapori uulize kwanza.

Kuna watakaosema, si ununue mpya tu? Ununue, sikukatazi. Ila vingi vya bei chee vinavyouzwa mtandaoni, vyenye michoro ya majoka, ni chuma laini kilichopewa umbo la wembe. Wembe wa babu usio na ufa, wenye makali yaliyonyooka, unavishinda vyote hata kama mgongo una madoa. Gharama yake halisi ni mawe ya kunolea, lile la kuanzia na lile laini la kumalizia, na mkanda wa ngozi wa kuupitishia kabla ya kila kunyoa. Kama huna nia ya kujifunza hayo, usiurekebishe. Upake mafuta, uufunge kwenye kitambaa kikavu, basi.

Na ukifufuka, ni wako peke yako. Usimpe kinyozi aunyolee wateja wengine, usimwazime mshikaji. Vinyozi wetu wanavunja wembe mpya nusu kwa kila kichwa kwa sababu ya Ukimwi na homa ya ini, wana akili zao.

Yule staa wetu bado anapokea pongezi. Wewe mwenye sanduku la mzee chini ya kitanda, soma shina la wembe leo utuambie hapo chini limeandikwa nini, na kama makali yana ufa au hayana. Picha kabla ya grinda, tafadhali.