KIBABA CHA MWEZI: Siku Tatu za Jeddah

Kila ukaribiapo mwezi wa Ramadhani, ukurasa huu huulizwa swali lile lile: je, familia iishiyo hapa Riyadh yaweza kwenda kula Idi Jeddah, katika hoteli ya fahari iliyo ufukweni, na isirudi na madeni? Yaweza. Lakini hesabu yake haianzii hotelini.

Yaanzia kwenye ikama. Tangu Julai 2020, ada ya kila mtegemezi wa mfanyakazi mgeni ni riyali 400 kwa mwezi. Mwenye mke na watoto watatu hulipa 1,600, yaani 19,200 kwa mwaka, kabla hajanunua kilo moja ya mchele. Tangu 2021 ikama yaweza kulipiwa kwa miezi mitatu mitatu. Ni nafuu, na ni mtego pia: fungu la riyali 4,800 hurejea mara nne kwa mwaka, na Idi, ambayo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, haiulizi tarehe ya fungu hilo wala ya mshahara.

Mimi niandikaye haya nilinaswa mwaka 2023. Nilikodi chumba kinachotazama bahari kwa siku tatu za Idi, riyali 1,100 kwa usiku. Nikapata 3,300, nikaridhika. Tulipofika, karani akanionyesha kwamba kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 15, haikuwamo: 495 zaidi. Kitanda cha mtoto wa tatu: 450. Chakula cha asubuhi kilikuwa cha watu wawili tu, nasi tu watano! Tuliporejea Riyadh, ikama zilibakiwa na siku tisa, na faini ya kuchelewa mara ya kwanza ni riyali 500.

Iliyotuokoa ni zamu ya mke wangu katika upatu. Fedha hizo zilikwisha ahidiwa: mama yake, aliyeko Tanga, alikuwa akizingoja kwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alingoja hadi Mfunguo Tatu. Hakulalamika hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwaka uliofuata mama watoto ndiye aliyeshika kalamu. Kwanza alitenga fungu la ikama na fungu la Tanga. Kilichosalia ndicho kilichoitwa safari. Kisha akaihamishia safari yenyewe wiki ya pili ya Mfunguo Mosi. Kumi la mwisho la Ramadhani Jeddah hujaa wafanyao Umra, na siku za Idi hujaa watu wa Riyadh wenye hamu ya bahari. Wakishaondoka, bei hushuka. Chumba kile kile tulikipata kwa 520 kwa usiku, kodi ikiwamo, na kwa masharti ya kurudishiwa fedha tukighairi. Tulilala Alhamisi na Ijumaa. Watoto walikosa siku moja ya shule. Mwalimu hakufurahi, nami sikumlaumu.

Gari letu huenda kilomita kama 10 kwa lita. Safari ni kama 950 kwenda na 950 kurudi, na petroli ya 91 ilikuwa riyali 2.18, kiwango kilichowekwa Julai 2021: jumla kama 415. Treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018, haifiki Riyadh. Lakini atakaye Umra aweza kuacha gari Jeddah na kuipanda hadi Makka.

Jioni tulitembea Al-Balad, mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, na mdogo wetu akauliza kama tumefika Unguja. Matembezi hayo hayakutugharimu kitu. Chai ya hotelini tulikunywa mara moja tu, riyali 38 kwa kikombe, vikombe vitano; mama watoto alikuwa ameiandika katika daftari tangu mwezi wa Rajabu.