Unapakia Safari ama Unapakia Picha?

Nikisema hivi najua kuna watu watanuna, wacha wanune: nusu ya mizigo tunayoiona kwenye pikipiki zikishuka Diani kila likizo haikupakiwa kwa ajili ya safari. Imepakiwa kwa ajili ya picha. Mabegi mawili ubavuni, sanduku nyuma, juu ya sanduku hema, juu ya hema godoro la kukunja, na juu kabisa bendera. Mtu anasimama chini ya minazi, anapigwa picha, wenzake wanamwita mwamba. Mwamba wa nini, bana? Kutoka Nairobi mpaka Diani ni kama kilomita 500, lami mwanzo mwisho. Chai iko Mtito Andei, chai iko Voi, chai iko Mariakani. Hukuvuka jangwa.

Mimi pia natengeneza video, kwa hivyo mchezo naujua. Mlima wa mabegi unauza. Mwenye begi moja dogo haonekani msafiri, anaonekana ametumwa unga Ukunda. Lakini wadogo zetu wanatuangalia, wanadhani ukubwa wa mzigo ndio ukubwa wa safari, halafu wanaenda kufunga vitu kwenye pikipiki ya cc 150 kama wanahama nyumba.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na hesabu hii haihitaji digrii. Ulicheza pembea ya ubao utotoni? Gurudumu la nyuma ndilo egemeo la ile pembea. Kila kilo unayoifunga nyuma ya egemeo inainua mbele. Mbele ikiwa nyepesi, usukani unalegea, na ukikata kona unahisi kama pikipiki imeamua mambo yake yenyewe. Ukiongeza kimo umeharibu zaidi. Ukitumia ile barabara ya Dongo Kundu kukwepa feri, pale juu ya daraja refu la Mteza upepo unakuja ubavuni, na mlima wako wa mabegi unageuka tanga. Tofauti ni kwamba jahazi lilitengenezwa lisukumwe na upepo. Wewe hukutengenezwa hivyo.

Na breki? Uzito ukiongezeka, pikipiki inachelewa kusimama. Mwendo ndio mbaya zaidi: ukiuzidisha mara mbili, umbali wa breki unakuwa kama mara nne. Sasa changanya vyote viwili, mzigo na haraka, kwenye mteremko wa kutoka Kwale mjini kushuka Kombani. Hapo bendera haikusaidii.

Najua jibu linakuja: "Mbona watu wa boda wanabeba mpaka kitanda?" Ndio, wanabeba. Lakini usimfanye mtu wa boda kisingizio chako. Yule anayepeleka mitungi ya maji Kinango hafanyi hivyo apendeze. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Akibeba minane, hizo ni kilo 160, kushinda uzito wa pikipiki yake. Ni hatari, na wanaanguka, tusidanganyane. Anabeba kwa sababu kuna nyumba hazina maji ya mfereji na yeye hana mshahara mwingine.

Hata hivyo mwangalie anavyofunga, utajifunza kitu. Anaanza chini, mmoja kulia, mmoja kushoto, uzito sawa. Mitungi imejaa mpaka mdomoni, kwa sababu anajua mtungi wa nusu unachezacheza na unamvuta kwenye kona. Blada amezikaza kwenye chuma cha keria, hakuna mkia unaoning'inia karibu na mnyororo. Halafu anaenda polepole. Wewe umefunga sanduku zito juu, unakimbia 110, na nazi za mwenzako ndizo unazorekodi ukicheka. Yeye tunamwita hatari ya barabarani, wewe tunakuita msafiri. Kosa ni lile lile. Kilichobadilika ni bei ya mabegi.

Sasa kuna homa mpya: trela. Mtu ameona video ya Mmarekani na Honda Gold Wing, anavuta kitrela kinang'aa kwenye barabara pana. Kesho yuko kwa fundi wa kuchomelea, anataka chake. Manze, ile Gold Wing ina injini ya cc 1,833 na inaweza kurudi nyuma yenyewe. Yako ni cc 150, na ukiingia pabaya utashuka usukume. Fungua kitabu kilichokuja na pikipiki. Vingi vinakuambia waziwazi usivute trela, na vinakupa kikomo cha uzito ambacho ndani yake umo wewe, abiria wako na mzigo wako wote.

Kama kitabu umekipoteza, nenda Likoni ukamuulize hamali wa mkokoteni. Akishuka kuelekea feri, kinachomtisha si kuvuta. Ni kusukumwa. Trela isiyo na breki inafanya vivyo hivyo: wewe unasimama kwenye tuta, yenyewe bado inakuja. Shimo utalikwepa kwa magurudumu yako mawili, ya trela yataingia. Kama kweli una vitu vya kujaza trela, vitume kwa basi uvichukue Ukunda. Hiyo si aibu. Wale akina Ewan McGregor na Charley Boorman waliopita Kenya mwaka 2007 wakielekea Cape Town walikuwa na magari ya kuwasaidia. Sisi tumekumbuka masanduku yao ya pembeni, magari tumeyasahau.

Lakini kinachoniuma hasa si wewe kuanguka. Ni begi lako kuanguka. Barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga ni njia moja kwenda, moja kurudi. Kuna malori ya Tanzania, matatu, watoto wa shule wanatembea ukingoni Waa na Msambweni. Nyuma yako kuna boda amebeba mama mwenye mtoto. Hema lako likichomoka, wewe utasikia pikipiki imekuwa nyepesi tu. Atakayelikanyaga ni yule mama. Hakuwemo kwenye video yako, hakuomba safari yako, na ndiye atakayelala hospitali.

Tuna ule msemo wa mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Tunautaja kwa utani, lakini tunasahau kwamba wale wapagazi waliotembea kutoka Tabora mpaka pwani hawakubeba kwa kukadiria macho. Mzigo ulipimwa kwa frasila. Frasila moja ni kama kilo 16, na mtu mmoja alibeba kama mbili. Wafanyabiashara wa karne ya 19, watu wasio na huruma kabisa, walijua mzigo usiopimwa unamaliza safari njiani. Wewe una simu yenye kamera tatu na hujawahi kuweka begi lako kwenye mizani ya muuza viazi.

Basi pima. Kikomo changu kwa safari yoyote ya pikipiki ni frasila moja na nusu, kilo 24, na nimeshalala Lunga Lunga na mzigo huo bila kukosa kitu. Mwaga vyote sakafuni, toa suruali ya tatu, toa sufuria. Vizito viweke chini na karibu na wewe, pande mbili zilingane. Nyuma kabisa weka nguo tu. Ongeza upepo wa tairi kama kitabu kinavyosema. Abiria wako akivaa buibui au leso, ikunjeni vizuri isifike kwenye gurudumu. Ukimaliza kufunga, shika begi ulitingishe kwa nguvu zako zote. Likisogea hata kidogo, fungua uanze tena.

Likizo ya Disemba nitakuwa pale Ukunda, kona ya kuingilia Diani, na kamera yangu. Safari hii namtafuta mwenye begi dogo kuliko wote. Huyo ndiye nitakayempiga picha.