Triga Laini na Kidole cha Baridi

Kama wewe uko Dar unajipepea na gazeti hili, mshukuru Mungu. Mimi nimetoka nyumbani Sumbawanga, na asikwambie mtu, Julai kule Ufipa baridi haina adabu. Mji umekaa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri unafunga vifungo vya shati kwa kubahatisha, maana vidole havisikii!

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Mjomba wangu ni mwindaji wa kweli, siyo wa kuuza sura. Bunduki anaimiliki kihalali, na msimu ukifunguliwa Julai anakata leseni, anateremka Bonde la Rukwa kutafuta kitoweo. Bunduki yenyewe ni ile ya kukoki kwa mkono, risasi moja moja. Kilio chake kilikuwa kimoja tu: triga nzito. Anasema ukiivuta ni kama unang'oa msumari, mtutu unayumba, mnyama anakucheka anaondoka zake.

Basi mshikaji mmoja akamtia maneno. Eti kuna fundi mtaani ana tupa yake, anailainisha chapchap, inakuwa kama swichi ya taa. Mjomba akaingia mkenge.

Kesho yake alfajiri tukaenda shambani kwake nje ya mji kuijaribu. Mjomba akaweka risasi, akasukuma komeo mbele, akalifunga. Paaa! Kidole hakijagusa triga. Udongo ukaruka hatua moja tu kutoka kwenye viatu vyangu. Jamani! Nilikaa chini bila kukaribishwa.

"Mpwa wangu, uko mzima?" Mjomba ananiuliza huku mwenyewe anatetemeka. Nikamjibu, "Mzima mjomba, ila roho imetangulia mjini."

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya bunduki kuna kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia pini iliyovutwa na springi. Ukivuta triga, kipande kile kinaachia, pini inaruka, inagonga kitako cha risasi. Mshiko wenyewe ni mdogo sana. Aliyepiga tupa ameupunguza, na tena amekwangua ile ngozi ngumu ya juu iliyokomazwa kiwandani. Kilichobaki ni chuma laini, kinalika haraka. Hapo mtikisiko wa kufunga komeo tu unatosha kuachia pini.

Tena usifikiri ni mambo ya mafundi wa vichochoroni peke yao. Kule Marekani, mwaka 2014, kampuni ya Remington iliwaita wenye bunduki za Model 700 na Model Seven zenye triga ya XMP wazirudishe. Ni zile zilizotengenezwa tangu Mei 2006 hadi Aprili 2014. Kisa? Gundi iliyozidi wakati wa kuunga triga ingeweza kufanya risasi itoke bila kutarajiwa. Kiwanda kizima na mashine zake, seuze fundi na tupa!

Je, ina maana uvumilie triga nzito hadi uzeeni? La hasha. Kwanza ihakikishe bunduki ni tupu, kisha isafishwe. Vumbi la bondeni likichanganyika na mafuta mazito, baridi ikayagandisha, triga nzuri nayo inakuwa nzito. Pili, triga nyingi za kisasa zina skrubu za kurekebishia uzito. Na kama haifai kabisa, inabadilishwa nzima. Kampuni kama Timney ya Marekani wanatengeneza triga kamili za kuingia kwenye bunduki kama Mauser 98.

Ila kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni, bwana. Silaha zina sheria yake ya mwaka 2015, na mambo ya kukarabati silaha hayafanywi chini ya mwembe. Na fundi akimaliza, mwombe aijaribu mbele yako ikiwa tupu: afunge komeo kwa nguvu mara kumi, agonge kitako, aweke sefti avute triga, kisha aitoe sefti. Pini ikiachia hata mara moja, usiichukue.

Na uzito je? Wawindaji wengi wanaridhika na kilo moja na nusu hivi. Chini ya hapo waachie walenga shabaha wa mashindano. Kumbuka kile kidole cha Ufipa: kikishakufa ganzi hakijui kimegusa nini, na triga laini haisubiri ujue.

Mjomba amekubali yaishe. Triga ya zamani imetolewa, mpya imewekwa na fundi anayetambulika. Na jioni, bunduki ikiwa tupu na risasi zimefungiwa chumba kingine, ananifundisha: anaweka sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu, unaelekeza ukutani, unavuta triga taratibu. Sarafu ikibaki, umeiva. Yeye sasa haiangushi. Ananiambia triga ile nzito pengine haikuwa na kosa lolote, mkono wake ndio ulikuwa na haraka.

Mimi? Nimeiangusha mara kumi na moja. Tukutane wiki ijayo!