Kati ya "Haijaisha" na "Haikuisha"

Kila inapotolewa taarifa ya maendeleo kuhusu uwanja wa michezo humu nchini, mashabiki wa kandanda wa Kisumu huipokea kwa namna ambayo imekuwa kama desturi. Huisikiliza hadi mwisho, hucheka, kisha huuliza tarehe. Wakubwa wanaozitoa taarifa hizo hukasirishwa na kicheko hicho. Wengine hukiita siasa, na wengine husema kwamba watu wa kando ya ziwa hawana shukrani. Rai yangu ni kwamba kicheko hicho kina mantiki yake, na kwamba mantiki hiyo hudhihirika zaidi tukiitazama lugha yenyewe ya taarifa.

Tuanze na historia, maana shaka haizaliwi hewani. Kenya ilikuwa imepewa heshima ya kuandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1996. Maandalizi yakasuasua, fainali zikapelekwa Afrika Kusini, na wenyeji hao wakalitwaa kombe. Mnamo Septemba 2017 Shirikisho la Kandanda Afrika liliipokonya Kenya michuano ya CHAN ya mwaka 2018, huku suala la viwanja visivyokuwa tayari likiwa mbele ya mengine yote, na Morocco ikaichukua nafasi hiyo. Kabla ya hapo, katika uchaguzi wa mwaka 2013, ilani ya muungano wa Jubilee iliahidi viwanja vipya vitano vya kitaifa, na Kisumu ulikuwa miongoni mwa miji iliyotajwa. CHAN ilipofika hatimaye, Agosti 2025, baada ya kuahirishwa kutoka Februari, mechi zote zilizochezwa Kenya zilichezwa Nairobi, katika viwanja vya Kasarani na Nyayo. Mji ambao una mashabiki wa Gor Mahia katika kila mtaa uliitazama michuano hiyo kwa runinga.

Haifai hata hivyo kudhani kwamba shabiki huyu haamini kuwa uwanja unaweza kujengwa ukaisha. Anaamini, na ana ushahidi. Uwanja wa Kasarani ulikuwa tayari mwaka 1987 kwa ajili ya Michezo ya Afrika, na Disemba ya mwaka huohuo Gor Mahia wakatoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia hapo hapo, baada ya sare ya 2-2 kule Tunis, wakalinyakua Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Mzee aliyekuwapo siku ile hahitaji kuelezwa na mtu yeyote maana ya kitenzi "kukamilika".

Kitenzi hicho ndicho kinachotuleta kwenye kiini cha mjadala. Kukamilika ni kufika mwisho. Kitu kimekamilika au hakijakamilika, kama vile mtu alivyo amefika au hajafika. Lakini katika Kiswahili cha taarifa tunaambiwa kwamba mradi "umekamilika kwa asilimia themanini". Kiambishi -me-, ambacho kazi yake ni kutuonyesha tendo lililotimia na matokeo yake yaliyopo mbele yetu, kimefungwa nira na tarakimu inayokikanusha. Na asilimia themanini ya kitu gani? Ya fedha zilizotumika, ya siku zilizopita, ama ya saruji iliyomwagwa? Tarakimu isiyotaja kipimo chake ni kivumishi cha kusifia tu, hata ikivaa suti ya hesabu.

Jambo la pili ni vitenzi visivyo na mtenda. Mwalimu yeyote wa sarufi anajua tofauti kati ya "mradi umecheleweshwa" na "mradi umechelewa". Sentensi ya kwanza inaacha mlango wazi: umecheleweshwa na nani? Ya pili inaufunga, kana kwamba mradi uliamka asubuhi, ukajinyoosha na kuamua wenyewe kuchelewa. "Kukwama" ni vivyo hivyo. Gari hukwama matopeni, na huwezi kuuliza limekwama na nani. Soma taarifa yoyote ya ucheleweshaji, utaona jinsi vitenzi vya aina hii vinavyojazana mahali palipopaswa kuwa na jina la ofisi au la mkandarasi.

Kisha kuna "awamu". Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ulioko Mamboleo, Kisumu, uliandaa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2021, na wananchi walifurahi, kwa haki kabisa. Lakini jukwaa la sikukuu ni kitu kimoja na uwanja wa kuandaa michuano ya bara ni kitu kingine, na kati ya viwili hivyo ndipo neno "awamu" hujenga nyumba yake. Awamu ya kwanza huzinduliwa. Zinazofuata huwa "hivi karibuni". (Wanafunzi wangu hupenda kunikumbusha kwamba "karibuni" pia ni neno la kuwapokea wageni. Nami huwaambia wangoje lango lifunguliwe kwanza.)

Masaibu haya si ya Kisumu peke yake, wala si ya serikali peke yake. Vijana wanaocheza michezo ya video wanaufahamu mchezo uitwao Star Citizen. Mwaka 2012 watengenezaji wake waliwaomba mashabiki wachangie fedha, nao wakaahidi kuutoa mwaka 2014. Michango imepita dola milioni 700, taarifa za maendeleo zimetolewa bila kukoma, na mwaka 2025 ulikwisha kabla ya mchezo kutangazwa kuwa umekamilika. Mwingine, Duke Nukem Forever, ulitangazwa mwaka 1997 ukatoka mwaka 2011. Watengenezaji wake walipoulizwa utatoka lini, jibu lao lilikuwa kwamba utatoka utakapokuwa tayari. Yamkini jibu hilo ni la kuudhi, lakini angalau halikujificha nyuma ya asilimia. Tofauti iliyopo ni kubwa: shabiki wa mchezo wa video alichanga kwa hiari yake, na akichoka anaweza kutoa mkono. Mlipa ushuru wa Kondele au Nyalenda hana njia hiyo.

Kwa hiyo anabakiwa na lugha. Kiswahili kina njia mbili za kukanusha jambo lililopita. "Kazi haikuisha" hufunga hesabu: jambo limepita, tuzungumze mengine. "Kazi haijaisha" hukana huku ikiweka tarajio. Msemaji bado yuko pale pale, anangoja. Dholuo nacho kinalitenga jambo hili vizuri, kwa neno "pok", ambalo ni tofauti na kikanushi cha kawaida "ok". Sikiliza mazungumzo ya mashabiki wanaozikejeli taarifa za viwanja. Kwa kejeli zao zote, wengi wao husema "haijaisha". Hao ndio wanaoitwa wapinzani wa maendeleo, ilhali kwa ushahidi wa sarufi yao wenyewe ndio waumini waliosalia. Aliyekata tamaa hasemi kitu. Ameshahamia "haikuisha", na hata taarifa haisomi tena.

Nakiri kwamba kuna shaka ya kivivu, ile inayokataa hata kinachoonekana kwa macho. Meli ya MV Uhuru, iliyokuwa imelala Kisumu kwa miaka mingi, ilirejea majini mwaka 2019, na wapo waliokuwa wameapa kwamba haitaelea kamwe. Shaka ya namna hiyo haimsaidii yeyote. Lakini dawa yake ni taarifa inayoweza kupimwa: inayonukuu ahadi ya taarifa iliyotangulia, ikasema ipi imetimizwa na ipi haikutimizwa, na nani alipaswa kuitimiza. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza haki hiyo ilipitishwa mwaka 2016. Barua ya kuomba ratiba ya kazi na majina ya wahusika haihitaji wakili.

Walimu wa Kiswahili nao wana nafasi yao, kwa kuwa uandishi wa ripoti umo katika mafunzo ya shule. Badala ya kuwapa wanafunzi ripoti ya kubuni kuhusu mkasa wa moto bwenini, wawape taarifa mbili halisi za mradi mmoja, zilizotolewa kwa tofauti ya mwaka mmoja. Wapigie mstari kila kitenzi, waandike pembeni mtenda wake, na pale ambapo hakuna mtenda waache nafasi wazi. Kisha wazihesabu nafasi hizo, na wamtumie hesabu hiyo aliyeitia taarifa sahihi.