Kishikwambi hakimfundishi mtoto

Kuna imani imeota mizizi katika nchi zetu, nayo inashikiliwa na mawaziri, wafadhili, wenye shule binafsi na wazazi wengi wenye nia njema: kwamba shule yenye kompyuta inafundisha vizuri kuliko isiyo nazo, na kwamba mtoto akishakabidhiwa kifaa, elimu itamfuata humo humo. Imani hiyo ni potofu. Imetugharimu fedha nyingi, na pia imetupotezea macho, maana kila tunapohesabu vifaa tunaacha kumtazama mwalimu.

Tuanze na Kenya, kwa sababu huko jambo hili lilifanywa kwa ukubwa ambao majirani zake hawajathubutu. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliingia madarakani ukiwa umeahidi laptopu kwa kila mtoto anayeanza Darasa la Kwanza. Zabuni ya kwanza ikaingia kwenye mabishano ya kisheria na kufutwa. Ahadi ikageuka kuwa tableti, na kuanzia mwaka 2016 vifaa zaidi ya milioni moja vikasambazwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, pamoja na projekta na vifaa vya walimu. Kwa upande wa usambazaji ile ilikuwa kazi kubwa, na waliotenda wapewe haki yao. Zipo shule zilizowashiwa umeme kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mpango ule. Lakini fika vijijini miaka michache baadaye uulize vifaa viko wapi. Katika shule nyingi vimefungiwa kwenye kabati la chuma, ndani ya chumba chenye nondo dirishani, na ufunguo anao mwalimu mkuu. Anaogopa wizi, na ana sababu ya kuogopa, kwani kifaa kikipotea yeye ndiye atakayeulizwa. Ni watoto wangapi wamejua kusoma kwa kukitumia, hilo hakuna anayemuuliza.

Peru ilitangulia. Kupitia mpango wa laptopu moja kwa kila mtoto, ulioasisiwa na Nicholas Negroponte wa MIT, nchi hiyo iligawa laptopu zaidi ya 850,000. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika wakafuatilia shule 319 za vijijini, na mwaka 2012 wakatoa matokeo: watoto walikuwa wamezoea kutumia laptopu, lakini katika hesabu na lugha waliopewa hawakuwazidi wasiopewa. Miaka minne baada ya matokeo hayo kuchapishwa, Kenya ikawa ndio kwanza inashusha maboksi.

Kwa nini inakuwa hivyo? Sababu utaiona ukikaa na madaftari ya watoto mkononi. Chukua swali la Darasa la Tatu: 402 toa 178. Jibu ni 224. Mtoto mmoja ameandika 376, mwingine ameandika 274. Wote wamekosa, lakini kila mmoja amekosa kwa njia yake. Wa kwanza, katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 8 toa 2 akaandika 6, 7 toa 0 akaandika 7, 4 toa 1 akaandika 3. Huyu bado hajajua kukopa. Wa pili anajua kukopa, ila alipokuta sifuri kwenye makumi akairuka, akachukua kwenye mamia na kupeleka moja kwa moja kwenye mamoja. 12 toa 8 akapata 4. Mamia yaliyobaki ni 3, toa 1, akapata 2. Na pale katikati, penye 0 toa 7, akageuza na kuandika 7.

Mwalimu anayeijua kazi yake akiyaona madaftari hayo mawili hatawapa watoto hawa msaada wa aina moja. Wa kwanza atamrudisha kwenye vijiti na mafungu ya kumi kumi. Wa pili atamwonyesha kwamba mia moja ni makumi kumi, na kwamba lazima mia ivunjwe kwanza kuwa makumi, ndipo kumi moja livunjwe kuwa mamoja. Programu nyingi za mazoezi tunazouziwa zitawaambia wote wawili maneno yale yale: si sahihi, jaribu tena. Nao watajaribu tena, kwa njia ile ile, mpaka wabahatishe.

Zipo programu zinazoweza kutofautisha makosa kama hayo. Mindspark ya India ilijengwa kwa kukusanya makosa halisi ya wanafunzi kwa miaka mingi, na utafiti uliofanywa Delhi ulionyesha watoto wakipanda sana katika hesabu na Kihindi kwa muda wa miezi minne na nusu. Lakini watoto wale walikuwa wakihudhuria vituo vya masomo ya ziada, nusu ya muda wakiwa na programu na nusu wakiwa kwenye vikundi vidogo na msaidizi wa kufundisha. Kilichofanya kazi pale ni ualimu: sehemu yake imeandikwa ndani ya programu na sehemu imekaa kwenye kiti pembeni ya mtoto. Ualimu huo ndio unaokosekana kwenye maboksi yanayoletwa shuleni kwetu.

Wanaonipinga wataitaja Tanga, na wana haki ya kuitaja. Kuanzia mwishoni mwa 2017, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka tableti kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo, wengi wao wakiwa hawajawahi kukaa darasani. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja la Kiswahili ilikuwa imepungua kama nusu, na mwaka 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi. Sidharau matokeo hayo hata kidogo. Mtoto asiye na mwalimu wala shule ya karibu ana haki ya kupata chochote kitakachomfumbua macho. Lakini mazingira ya Tanga si yale ya shule zinazoletewa vifaa. Programu zile zilitungwa kwa Kiswahili, kwa kusudi moja tu la kusoma, kuandika na kuhesabu. Hazikutegemea intaneti. Vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua vilijengwa humo vijijini, na walikuwepo akina mama waliobeba jukumu la kuvitunza vifaa. Na pamoja na maandalizi yote hayo, karibu nusu ya wale ambao hawakuweza kusoma neno walibaki hawawezi. Anayechukua matokeo ya Tanga kuthibitisha kwamba mwalimu anaweza kurukwa anayalazimisha yaseme yasichosema.

Jibu lililo bora zaidi liko Kisumu, na linashangaza kwamba halitajwi kwenye vikao vyetu vya TEHAMA. Ndani ya mpango wa kusoma ulioitwa PRIMR, Benjamin Piper na wenzake walilinganisha njia tatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Shule za kundi la kwanza zilipata visomeo vya kielektroniki kwa ajili ya wanafunzi. Kundi la pili, tableti zilikwenda kwa walimu. Kundi la tatu, tableti zilikwenda kwa maofisa wanaozunguka kuwatembelea walimu darasani. Makundi yote yalikuwa na vitabu, viongozi vya mwalimu na mafunzo. Makundi yote matatu yakapanda. Ila baina yao hapakuwa na tofauti ya maana, na ukipiga hesabu ya shilingi iliyotumika kwa kila hatua mtoto aliyopiga, mpango wa msingi wenye vitabu na mafunzo bila vifaa ndio uliokuwa na tija zaidi. Kumpa kila mtoto kifaa, njia ya gharama kubwa kuliko zote, hakukuwazidishia watoto kusoma kuliko kumpa kifaa ofisa mmoja anayehudumia shule nyingi.

Kenya yenyewe ililisoma somo hilo upande mmoja wakati upande wa pili ikigawa tableti. Mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 kwa ufadhili wa USAID, ulipeleka kitabu kwa kila mtoto, mwongozo wa somo kwa kila mwalimu, na tableti kwa maofisa wa kusaidia mtaala. Ofisa alikuwa akiingia darasani, akikaa nyuma, akifuatilia somo na kujaza kwenye tableti: mwalimu amefuata hatua zipi, watoto wamesoma kwa sauti au wamekaa kimya. Kisha aliwaita watoto watatu, akawasomesha mmoja mmoja, na programu ikahesabu maneno waliyosoma kwa dakika. Mwishowe alikaa na mwalimu na kumwambia alichokiona. Tableti hiyo hiyo ilirekodi mahali alipo, na nauli yake ilirudishwa kwa kufuata rekodi hiyo, kwa hiyo hakuweza kudai ametembelea shule ambayo hakufika. Mtoto hakukigusa kifaa, alisoma tu mbele ya ofisa, na bado kilimfaa.

Sisi Watanzania tulipata nafasi ya namna hiyo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, serikali iliamua vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viende kwa walimu. Uamuzi wa kumlenga mwalimu ulikuwa sahihi, nausifu bila kusita. Tatizo ni kilichofuata. Walimu wengi niliozungumza nao walisaini fomu, wakapewa kishikwambi na chaja, na mafunzo yakaishia kwenye jinsi ya kukiwasha. Bando wananunua wenyewe. Mwingine anakitumia kujaza taarifa zinazotakiwa na halmashauri, yaani kazi ya ofisini imehamia mkononi mwake na andalio la somo limebaki pale pale. Mwenye watoto zaidi ya 100 darasani hana muda wa kuvumbua mwenyewe kifaa kinamsaidia nini. Anahitaji mtu wa kukaa naye.

Suala la lugha nalo halizungumzwi vya kutosha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili, akifika Kidato cha Kwanza anahamishiwa kwenye Kiingereza, na tunamwambia intaneti imejaa masomo ya bure. Imejaa, kweli, kwa Kiingereza cha haraka cha watu wa mbali. Mwanafunzi wa shule ya kata anaangalia video ya dakika kumi kuhusu moyo na mishipa ya damu, picha zinampendeza, lakini akimaliza hawezi kueleza kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Mwalimu angeisimamisha video baada ya nusu dakika, angeuliza damu ya upande huu inakwenda wapi na ya upande ule inakwenda wapi, angeeleza kwa lugha ambayo darasa linaielewa, ndipo angeendelea. Bila mwalimu huyo, video ni burudani.

Tunaambiwa pia kwamba watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi, kwa hiyo watajifunza wenyewe. Kupekua picha kwa kidole ni kitu kimoja; kupima kama habari uliyosoma ni ya kweli, au kuandika aya tatu zinazofuatana kwa mantiki, ni kitu kingine kabisa, na hicho hakuna aliyezaliwa nacho.

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilisema wazi kwamba ushahidi huru juu ya manufaa ya vifaa hivi ni haba, na kwamba sehemu kubwa ya ushahidi uliopo inatoka kwa wanaoviuza. Mwaka huo huo Uswidi, nchi tajiri iliyokwisha kujaza kompyuta madarasani, ilianza kurudisha fedha kwenye vitabu vya karatasi. Sisi ambao watoto wetu bado wanachangia vitabu tunakimbilia mahali ambapo wenzetu wanaondoka.

Namfahamu mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Kila akisahihisha anapiga picha kurasa zenye makosa yanayofanana, anafunika jina la mtoto kwa kidole, na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa hesabu wa kata yake. Chini ya picha anaandika swali moja: huyu anafikiri nini? Jioni wanabishana. Mmoja anasema tatizo ni sifuri, mwingine anasema ni thamani ya nafasi, wa tatu anatuma picha ya ubao wake kuonyesha alivyolieleza. Asubuhi mwalimu anaingia darasani na chaki, akiwa na kitu cha kusema ambacho jana hakuwa nacho. Watoto wale walioandika 376 na 274 wanahitaji mtu kama yeye. Simu anayotumia ina ufa kwenye kioo, na hakuna mradi wowote uliomnunulia.

Kazi kama hiyo ndiyo inayostahili fedha ya umma. Tayari tuna MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, unaowataka walimu wakutane shuleni kwao kujadili ufundishaji. Tayari Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Vishikwambi tayari viko mikononi mwa walimu. Vipakiwe vitabu hivyo na video fupi za walimu wetu wakifundisha kwa Kiswahili katika madarasa yetu yaliyojaa, ili vitumike hata pasipo mtandao. Maofisa elimu kata wafundishwe kukaa darasani na kumsaidia mwalimu, si kukagua daftari la mahudhurio na kuondoka. Na kwa kuwa pikipiki walishapewa, fedha ya mafuta iingizwe kwenye bajeti ya halmashauri kabla ya kutangazwa zabuni ya kifaa kingine hata kimoja.