Tuuite Mlango

Kwa miezi miwili chama chetu kilihangaika kutuma rekodi za sauti kutoka Flemingsberg hadi Unguja. Tulilaumu programu, tukalaumu ruta, tukalaumu hata umeme wa Unguja, ambao safari hii haukuwa na kosa. Leo tunakiri kwamba sehemu ya kosa ilikuwa neno, na neno hilo tulilichagua sisi wenyewe, wanafunzi wa Kiswahili.

Mazungumzo tuliyorekodi na wazee wa Kiswahili wanaoishi Stockholm yamefika gigabaiti 40. Hatukutaka kuyaweka kwenye ghala la kukodi, ambalo siku tukikosa ada linafungwa. Tukachukua kompyuta kuukuu, tukaiwekea Syncthing, programu ya kushirikishana mafaili moja kwa moja kati ya kompyuta na kompyuta, ili wenzetu wa Unguja wawe na nakala yao. Vyumba vyetu vya wanafunzi vina mtandao wa pamoja tusioruhusiwa kuugusa, kwa hiyo mzee mmoja wa Grantorp akaikaribisha kompyuta hiyo nyumbani kwake.

Mafaili yalikwenda, lakini mwendo wa kobe. Sababu programu yenyewe ilituonyesha: kompyuta zetu mbili hazikuweza kuonana ana kwa ana, zikawa zinapitishia kila kitu kwenye kompyuta ya tatu. Tukaandika mwongozo wa ukurasa mmoja, tukampelekea mzee. Mstari wa kwanza ulisema, "Elekeza bandari 22000 kwenye kompyuta." Jioni akapiga simu.

"Wanangu, bandari ya wapi tena? Mimi hapa naona namba tu."

Tulicheka, na hatukupaswa kucheka. Mji una bandari moja au mbili, na meli hutia nanga hapo. Anwani moja ya intaneti ina namba hadi 65,535 za kupokelea wageni. Neno la Kiingereza lina asili mbili za Kilatini, portus yaani bandari na porta yaani lango, nasi tulishika ile isiyohusika. Aibu zaidi ni kwamba sote hapa Flemingsberg tunabonyeza portkod kila siku kuingia nyumbani. Kwa Kiswidi port ni mlango mkubwa wa jengo, na bandari ni hamn. Jibu lilikuwa mlangoni kwetu.

Tukauandika mwongozo upya kwa mlango na bawabu. Ruta ni bawabu. Wa ndani akitoka, bawabu humkumbuka na kumruhusu arudi. Mgeni wa nje anayebisha bila miadi hufukuzwa, mpaka bawabu aambiwe, "Anayebisha mlango 22000, mpeleke chumba fulani." Huko ndiko kuelekeza mlango, na inatosha upande mmoja kati ya miwili ufanye hivyo.

Kwa lugha hiyo makosa ya kawaida yanaeleweka. Kwanza, je, chumbani kuna mtu? Programu ikiwa imezimwa, kila kipimo kitasema mlango umefungwa. Pili, je, amehama chumba? Ruta huigawia kompyuta anwani ya ndani, kama 192.168.1.20, na kesho inaweza kuipa nyingine, kwa hiyo iagize isiibadilishe. Tatu, je, chumba chenyewe kina kufuli? Kompyuta nayo ina ukuta wake wa ulinzi unaopaswa kuruhusu programu hiyo. Nne, ubishe ukiwa nje kweli, kwa simu yenye data yake, kwa sababu kujibisha ukiwa ndani hakuthibitishi kitu. Na fungua mlango mmoja tu, si nyumba nzima.

Mzee alifuata yote, na bado hola. Kisha akatuambia jambo ambalo sisi na digrii zetu hatukuliwaza: "Bawabu wangu nimemwagiza. Labda kuna bawabu mwingine kule chini."

Alikuwepo. Anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ruta ilianza na 100.72, ilhali tovuti ya nje iliona anwani nyingine kabisa. Anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Anwani za mtindo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, na ghala la Ulaya liliishiwa Novemba 2019. Hapo hata ungebadilisha ruta kumi, bawabu wa kampuni hajapewa agizo lako. Mzee aliomba anwani ya umma, akapewa, na usiku uleule mafaili yakaanza kukimbia.

Tunajua hoja za walimu wetu. Wapo watakaosema mlango tayari ni sura ya kitabu. Ni kweli, lakini hatujamwona aliyechanganya sura na ruta. Wapo watakaopendekeza lango. Hilo tuliachie kifaa kinachounganisha mtandao na mtandao. Wengine watasema tuseme poti, yaishe. Mafundi watalielewa, ila mzee wetu asingepata kwalo picha yoyote ya kumfikisha kwa bawabu wa pili.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili katika mkutano ujao. Orodha ya istilahi ya chama iandike mlango na kuelekeza mlango, na bandari ifutwe. Na mwongozo wowote wa tehama tunaouandika usomewe kwanza mtu asiyesomea kompyuta. Akikwama, turudi kwenye neno kabla ya kumwona yeye hajui. Sauti za wazee sasa ziko salama Unguja na Grantorp. Nusu ya kazi hiyo aliifanya mmoja wao, siku tulipozungumza naye Kiswahili anachokijua.